Sikusema Mapacha

Nimeamka nimekuta simu ambazo hazikupokelewa 14, na toleo la shoga yangu la yaliyotokea kwenye sendofu ya Jumamosi limeshafika mpaka kwa mama yangu Tanga. Kwa hiyo wadau, kaeni mkao wa kula niwape la kwangu. Kwanza kabisa: sikusema mapacha. Mapacha kaongeza yeye.

Mnaijua ile programu yangu ya msamiati wa Kiingereza. (Mliokuwa mnakutana na "neno la siku" kwenye stetasi yangu, mnisamehe.) Kila neno linakuja na maana, matamshi na daraja, A1 ya wanaoanza mpaka C2 ya mabingwa, vile vipimo vya Baraza la Ulaya vya mwaka 2001. Mimi kwa kiherehere nikachagua C2, mtu ambaye mpaka leo "although" na "but" nazipakia kwenye sentensi moja.

Jumamosi ilikuwa sendofu ya mfanyakazi mwenzangu. Bosi wetu Mwingereza kaalikwa, kamati ikaamua salamu za ofisi nitoe mimi kwa Kiingereza, MC awatafsirie wazee. Wiki nzima niliogopa neno moja tu: "colonel". Baba mdogo wa bibi harusi ni kanali mstaafu, huwezi kuacha kumtaja. Neno lina L mbili, R hata ya dawa hakuna, halafu linatamkwa sawasawa na "kernel", punje! Eti zamani Wafaransa walikuwa na sura mbili za neno hilo, yenye R na yenye L. Waingereza wakatamka moja, wakaandika nyingine. Na wanaochekwa ni sisi. Nikalifanyia mazoezi bafuni mpaka mpangaji mwenzangu akagonga kuuliza kama nimepaliwa.

Ukumbini nikalitamka kama nimezaliwa London. Kanali akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo changu kilipovimba.

Sasa twendeni polepole. Programu ilinifundisha kwamba "pregnant" ina maana mbili: ile ya kliniki, na ile ya wakubwa, kitu kilichosheheni. Nikaandika: "She is pregnant with wisdom," yaani kasheheni hekima. Na nilishajisemea, nikifika kwenye neno zito nitulie kidogo, liwaingie watu.

Nikamgeukia bibi harusi. Nikanyoosha mkono kama mchungaji. "She is pregnant..."

Nikatulia.

MC alikuwa anatafsiri kila ninapovuta pumzi. Nilimwona akisita. Akanitazama mimi, akamtazama baba wa bibi harusi, mzee wa kanisa, akanirudia. Kazi ni kazi. Akainua kipaza sauti: "Anasema... bibi harusi ni mjamzito."

Wadau, feni za ukumbi ule nilizisikia moja moja. Kijiko kikaanguka meza ya mashangazi. Waliokuwa wanaingiza ndafu wakaganda nayo mlangoni, mbuzi na majani yake mdomoni akinikodolea macho mimi. Bwana harusi alikuwa anahesabu kwa vidole, na nikaona vidole vinakataa. Halafu huko nyuma kabisa, bibi mmoja akapiga kigelegele.

(Waingereza wana kitu wanakiita "pregnant pause", ukimya uliosheheni. Ndiyo ile.)

"With wisdom!" nikapiga ukelele. "With wisdom!"

MC, Mungu amsamehe, akaona ndiyo naufafanua ujumbe. "Anasema mimba ni ya Wisdom."

Dereva wa ofisi yetu anaitwa Wisdom. Alikuwa meza yetu. Alikuwa na soda mdomoni, na yote iliishia kwenye shati la bosi.

Mengine mtayasikia kwa shoga yangu. Kanali alichukua kipaza sauti akanyoosha mambo kijeshi, ndafu ikakatwa, watu wakala, wakacheza. Bibi harusi kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, tatu ni kicheko. Wisdom bado. Leo nimekwenda kazini kwa daladala.

Harusi yenyewe ni Jumamosi ijayo. Nilikuwa nisome somo kanisani, kamati imenihamishia vinywaji, na nimeruhusiwa maneno mawili tu mpaka shughuli iishe: "Baridi? Moto?"