Dakika tatu hizo si mchezo

Mwandishi, nimeisoma makala yako hadi mwisho na nimekwama pale uliposema kwamba mbio fupi za skii za wanawake, zile za kuteleza kwenye theluji kwa mbao ndefu miguuni, ni "dakika tatu tu za kuteleza". Hapana. Mimi nafundisha wasichana mita 800 hapa Nakuru, na nakuambia dakika hizo zinaua.

Hesabu vizuri. Asubuhi kila mmoja anakimbia peke yake dhidi ya saa, na ni 30 bora tu wanaobaki. Kisha robo fainali, watu sita sita, halafu nusu, halafu fainali. Anayefika mwisho amekimbia mara nne siku hiyo hiyo, vilima vikiwemo! Wasichana wangu wakimaliza raundi mbili kwa siku wanalala chali kwenye nyasi.

Tazama fainali ya mbio hizo kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Beijing 2022. Jonna Sundling wa Uswidi aliwaacha wenzake karibu sekunde 3, Maja Dahlqvist akawa wa pili, Jessie Diggins wa Marekani wa tatu. Na angalia miguu yao kwenye utepe: sisi tunafundisha kutanguliza kifua, wao wanasukuma mguu mmoja mbele kabisa kwa sababu ncha ya kiatu ndiyo inayohesabiwa. Nilirudia kipande hicho mara nyingi sana.

Philip Boit, Mkenya mwenzetu, alishiriki mbio za skii kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, kilomita 10. Mbona hukumtaja hata kwa mstari mmoja? Naomba makala inayofuata iandike habari zake, na za Sabrina Simader pia, Mkenya mwingine wa skii.