Mustang au Mjerumani? Mimi nachukua Mustang, na sababu iko gereji

Ubishi huu hapa Tanga hauishi. Nenda Ngamiani, nenda Raskazone jioni vijana wakiwa wamepaki ndinga zao karibu na bahari, lazima utasikia mtu anasema Mmarekani hajui gari, Mustang ya Ford ni kelele na bati tu, mwenye hela na akili anachukua Mjerumani, BMW M4 au Benz C63, habari imeisha. Mimi nakataa, na naomba niseme kwa kirefu maana naona watu wanapima haya magari kwa siku ya kwanza tu, siku limetoka bandarini linang'aa, wakati sisi huku gari tunalinunua limeshatumika na tunakaa nalo miaka mingine mingi tu, na hiyo miaka ndo inatakiwa ipimwe.

Hela kwanza. Kwao Marekani Mustang GT mpya, ile ya V8 ya lita 5, inaanzia dola elfu arobaini na kitu, M4 inaanzia karibu elfu themanini. Mustang GT ya 2024 ina hospawa 480, M4 ya kawaida ya mwaka huo 473. Zikiwa used tofauti ya bei inapungua lakini haiishi. Halafu kuna watu wanatishana eti lita 5 hiyo TRA watakumaliza, jamani, ushuru wa bidhaa kwa gari dogo ukishavuka cc 2000, yaani lita 2, ni asilimia 10, iwe lita 3 ya BMW iwe lita 5 ya Ford daraja ni lile lile moja, kinachouma ni thamani ya gari na umri wake maana likifika miaka 8 kuna nyongeza. Kwa hiyo gari la bei ya chini lenye injini kubwa linaweza kulipiwa kodi ndogo kuliko la bei ya juu lenye injini ndogo. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA upige mwenyewe uone.

Sasa injini, na hapa ndo roho yangu ilipo. Ile V8 ya Mustang wanaiita Coyote, silinda 8, valvu 32, haina turbo (kile kifeni cha kusukumia hewa kwenye injini) hata moja. Ilianza kuwekwa kwenye Mustang ya 2011 na mpaka leo ni ukoo ule ule wanauboresha tu. 2018 wakaiongezea mfumo wa kupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda ila ule wa zamani wa kupulizia kwenye njia ya hewa hawakuutoa, maana yake valvu za kuingiza hewa zinaendelea kuoshwa na petroli, hazigandi kaboni kama zile injini zenye mfumo wa moja kwa moja peke yake, na lita 3 ya M4 ile ya 2014 mpaka 2020 ni mojawapo, tena hiyo ina turbo mbili juu yake. Na Coyote hiyo hiyo Ford wanaiweka kwenye pikapu ya F-150, gari linalouzwa Marekani kama nini sijui, kwa hiyo spea zake kule zimejaa na bei zake ni za watu wa kawaida.

Juzi kati nilikuwa gereji moja hapa mjini, kuna saluni ya Kijerumani ya lita 2 yenye turbo ilikuwa inapoteza kulanti, yaani maji ya kupozea injini, kidogo kidogo. Fundi kashinda asubuhi nzima anafungua manifodi ya hewa ili aifikie paipu moja ya plastiki iliyojificha chini kabisa, kuigusa tu ikamvunjikia vidoleni kama biskuti. Akamwambia mwenye gari, "Kaka, na hii ya pili yake ukiigusa inakwenda, bora tubadili zote kabla hatujafunga." Mwenye gari kasimama pale ameshika kiuno, paipu yenyewe wala si ghali, ghali ni kuifikia, na mzigo usubiriwe kuja na basi toka Dar, na ukishafunga taa ya cheki injini bado inawaka mpaka aitwe kijana mwenye kompyuta. Gari zuri, viti vya ngozi bado vinanukia vizuri, ila liko juu ya mawe. Joto letu na plastiki iliyobanana na turbo havipatani kabisa. Mustang nayo ina plastiki, siwadanganyi, lakini wota pampu iko mbele inazungushwa na mkanda, fundi anaiona kwa macho na anaifikia, wakati BMW nyingi za lita 3 pampu ni ya umeme na siku ikifa haikuagi.

Ila kuna hoja moja ya upande wa pili naiheshimu sana, nayo ni spea za karibu. Wajerumani wamejaa kwenye minada ya Japani, kwa hiyo Gerezani pale Dar unapata taa, mlango, hadi gia boksi ya kuchomoa, na fundi wa hapa BMW 325i anaijua kuliko mwenye nayo. Mustang hamna. Ukigonga ukavunja taa ya mbele utaagiza nje na utasubiri. Mimi nasema filta, plagi, mikanda na pedi za breki unaagiza boksi zima mara moja unaweka ndani, na injini yenyewe haikuiti kila mwezi. Mtu asiyeweza kupanga hivyo achukue Mjerumani, kwa kweli itamfaa zaidi.

Na kona je? Hii habari ya Mustang haikati kona ni ya zamani. Mpaka toleo la 2014 nyuma kulikuwa na ekseli moja nzima, tairi moja likipanda tuta na jenzake linasikia, kuanzia 2015 kila tairi la nyuma lina sasipensheni yake. Mwaka huo huo ndo Ford walitoa kwa mara ya kwanza Mustang ya usukani wa kulia toka kiwandani, kitu ambacho Mmarekani mwenzake Challenger ya Dodge haikuwahi kupata na Camaro ya Chevrolet iligeuziwa Australia na watu wengine. Lakini usiitafute Japani, Ford walifunga biashara kule 2016 na Mustang walizouza huko zilikuwa za kushoto. Tafuta Uingereza au Afrika Kusini.

Mjerumani anashinda wapi? Ndani. Vitufe, milango inavyofunga, utulivu ukiwa spidi kali, breki. Na usalama, hili nalisema bila kuficha, Euro NCAP, wale wanaopima usalama wa magari Ulaya, mwanzoni mwa 2017 waliipa Mustang nyota mbili, Ford wakarekebisha ikapanda ikawa tatu. Mwenye watoto wa kukaa nyuma afikirie mara mbili, hicho kiti chenyewe ni cha mabegi.

Wese pia inakunywa. EWURA, wale wasimamizi wa nishati, kila mwezi wanatoa bei za mafuta na Tanga tuna safu yetu, hiyo ndo ya kuangalia kabla hujaota. Kwenda na kurudi Muheza kila siku na V8 sikushauri.

Ila niambie, ule utulivu wa M4 kwenye spidi 250 utautumia wapi? Toka hapa mpaka Segera una malori, una matuta, una vijiji vya 50 na trafiki na tochi yake chini ya mti. M4 ikiwa 80 imelala, hujui hata kama una farasi mia nne na zaidi mbele yako, inataka uivunjie sheria ndo ikuchangamkie. V8 isiyo na turbo inakupa raha ukiwa gia ya pili spidi 50, unakanyaga kidogo inaitika hapo hapo, ule mlio unaupata kwenye kifua na trafiki hana cha kukuandikia. Raha ninayoweza kuitumia hapa kwetu ndo naitoa hela.

Na Wajerumani wenyewe walikuwa na kitu hiki wakakiacha. BMW M3 ya V8 isiyo na turbo iliisha 2013, C63 ya lita 6.2 nayo ikaenda, na C63 iliyozinduliwa 2022 ina silinda nne lita 2 na umeme, hospawa 671 kwenye karatasi na mashabiki wao wenyewe wamelalamika. Upande wa Marekani Challenger na Camaro za mwisho zilitoka mwishoni mwa 2023, na Charger mpya ya Dodge imekuja na umeme au silinda sita zenye turbo mbili. Amebaki Mustang na V8 yake. Kwa hiyo mwenye hela yake mkononi atafute GT ya 2018 kuja juu, usukani wa kulia, gia za manyuo (za mkono), yenye kitabu cha sevisi, na aikague chini kutu maana Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi ya bahari yetu itamalizia ilipoachia.