Ziwa Lote Hili, na Choo Hakina Maji

Haya, imekohoa tena. Pampu. Jumamosi saa mbili asubuhi, watu kumi na mmoja ndani ya nyumba ya mapumziko, Ziwa Victoria limejilaza hapo mbele mpaka macho yanachoka, na koki ya jikoni inatoa upepo.

Shemeji ameshafika, mikono nyuma kama mkaguzi wa miradi.

"Hii ni hewa tu, shemeji."

Nani hajui ni hewa? Anawasha. Inanguruma. Anazima, anawasha, anaipiga kandambili. Shemeji, pampu ya juu, hii ya kukaa nchi kavu, haivuti kama haijajazwa maji, na ikizunguka kavu sili, ile ya kuzuia maji yasivuje, inaungua. Zima! Kazi inaanzia ziwani. Vuta futi valvu, ile ya mwisho wa bomba inayozuia maji yasirudi ziwani: hapo pana mzizi wa gugu maji umebana kiulimi, kimebaki wazi usiku kucha, maji yote yakarudi kwao. Sugua kwa mswaki mkuukuu. Irudishe ining'inie nusu mita juu ya tope. Fungua kizibo cha juu ya pampu, mimina polepole mpaka mapovu yaishe. Bomba la inchi moja, mita 20, linameza lita 10 hivi, na pampu yenyewe bado haijanywa.

Sasa hizo lita 10 zitoke wapi? Shemeji anashuka na dumu kwenye mawe yetu haya ya Mwanza, utelezi mtupu, anapanda na nusu dumu na kandambili moja. Nyingine imeshika njia ya Ukerewe.

Mama mkwe anachungulia. "Baba, mmeshindwa?"

"Hapana mama, tunamalizia."

Tunamalizia nini! Chupa sita za maji ya kunywa, za lita moja na nusu, zimeingia humo. Ikatema, ikapiga chafya, ikatoa kikombe kimoja, ikanyamaza. Kumbe kiungio cha bomba la kuvutia hakina ule utepe mweupe, hewa inaingilia hapohapo. Utepe uko dukani. Duka liko mjini.

Watoto nao wanataka kuogelea penye matete, kwenye makazi ya konokono wa kichocho. Wakaoge maji ya bomba! Lipi?

Na huyu sato kanunuliwa na nani? Mashavu ya sato yawe mekundu; haya ya kahawia ni ya marehemu wa juzi. Tungekula dagaa tu, yaishe. Halafu mwezi ndio umeandama, na wale wadudu wa ziwani wameshainuka kule kama moshi, jioni watakuja na kila ugali utakuwa na nyama. Nilisema taa za nje zisiguswe, nikasema mara tatu. Na hiyo ya barazani kawasha nani, mchana huu?