Eti waandishi walioko uhamishoni wanakula bata

Juzi msomi mmoja, mtu wa kuheshimika kabisa, katamka bila haya kwamba mwandishi wa habari anayeikimbia nchi yake "anatafuta maisha Ulaya". Nilinyamaza kwa heshima ya waliokuwepo. Hapa sinyamazi.

Kwanza, wengi hiyo Ulaya hawaifiki. Wanavuka mpaka wa jirani tu. Mei 2015, jaribio la mapinduzi liliposhindwa Bujumbura, Burundi, redio za RPA, Bonesha na Renaissance zilishambuliwa na kuharibiwa, na watangazaji wakakimbilia Kigali. Mitambo hawana, basi wakawa wanarekodi habari na kuzirusha nyumbani kwa WhatsApp. Bata lenyewe ndilo hilo?

Kisha wakubwa wa Burundi na Rwanda wakaanza kupatana. Machi 2021 Rwanda ikawaambia Warundi hao waache kutangaza. Waliofungiwa na serikali yao wakafungiwa na mwenyeji, kisa ujirani mwema!

Na msidhani ni ubaya wa serikali moja. Fungueni Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 kuhusu wakimbizi, huu tunaojivunia kuwa ni wa Kiafrika hasa. Kifungu cha 3 kinazitaka nchi ziwazuie wakimbizi kuishambulia nchi mwanachama kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Rudieni kusoma. Bunduki na kipaza sauti, kapu moja! Yaani mwandishi anapokelewa, anapewa karatasi za ukimbizi, halafu kazi ile ile iliyomkimbiza kwao ndiyo anayoweza kukatazwa, tena kwa mujibu wa sheria. Afanye nini sasa, auze mitumba na kusubiri rais abadilike? Wapo wanaofanya hivyo, nao ni waandishi wazuri kuliko wengi wetu.

Usalama? Charles Ingabire, mwandishi wa Kinyarwanda aliyekuwa uhamishoni, aliuawa kwa risasi Kampala mwaka 2011. Maria Sarungi Tsehai wa Kwanza TV, Mtanzania aliyekimbilia Kenya, alitekwa Nairobi mchana kweupe Januari 2025. Kelele zikapigwa, akaachiwa saa chache baadaye.

Haya, nakubali kwa shingo upande: wapo wanaogeuza uhamisho kuwa jukwaa la siasa, na uvumi wanauita habari. Lakini habari utaithibitishaje ikiwa chanzo chako kule nyumbani anaogopa hata namba yako kuonekana kwenye simu yake? Wanaolalamikia uvumi ndio hao hao wanaomkamata aliyepokea simu.