Ukitaka kumjua babu, soma kesi zake

Wanaosaka mababu wa Marekani ya kale hukimbilia kwanza tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Kwa mtu mweusi wa miaka ya 1600 huko Virginia, koloni la Waingereza, naona huko ni kujichosha. Nani angehangaika kuandika siku aliyozaliwa? Karani alishika kalamu palipokuwa na kodi, ardhi au ugomvi.

Mchukue Anthony Johnson. Alifika 1621 kwa meli iitwayo James, na katika orodha ya wakazi ya 1625 ameandikwa kwa maneno mawili matatu tu: Antonio, mweusi. Ukoo hamna, kwao hakutajwi. Kwetu husemwa mwacha asili ni mtumwa. Huyu alitumikishwa kwenye tumbaku akiwa Antonio, akawa huru akiwa Johnson. Asiyejua kwamba jina liligeuka njiani atakwama hapo hapo.

Baadaye makaratasi yanaanza kusema. Mwaka 1651 alipata ekari 250 katika kaunti ya Northampton, maana koloni lilitoa ekari 50 kwa kila mtu uliyemlipia nauli ya kuja. Mwaka 1653 moto ukamteketezea mali, mahakama ikawasamehe kodi mkewe Mary na binti zao. Mpaka hapa kila kitukuu angependa kutundika picha yake sebuleni, kama ingekuwapo.

Halafu inakuja 1655. John Casor, mweusi mwenzake, alidai kwamba muda wake wa kutumika ulikwisha zamani, akahamia kwa jirani mzungu. Johnson akaenda mahakamani, akashinda. Casor akarudishwa kumtumikia maisha yake yote. Wapo wanaouruka ukurasa huu kwa aibu. Wapo pia wanaousoma huu peke yake, wapate kuwasuta weusi kwamba utumwa waliuanza wenyewe. Uvivu mtupu, pande zote mbili. Endelea kufunua ufike 1670. Johnson alikuwa ameshahamia Maryland na kufia huko, na jopo la wazungu likaamua ardhi yake ya Virginia ichukuliwe, kwa kuwa alikuwa mweusi na kwa hiyo mgeni. Yule yule aliyehesabiwa bwana mbele ya Casor!

Mwaka 1677 mjukuu wake, John, alinunua ekari 44 huko Maryland. Shamba akaliita Angola. Ile nafasi ya kwao, aliyoiacha wazi karani wa 1625, ikaja kujazwa na mjukuu kwenye jina la shamba.