Ukitaka Kiingereza cha Wamarekani, tazama besiboli

Mtu anamaliza kidato cha sita na alama nzuri za Kiingereza, anaingia kikao cha mtandaoni na Wamarekani, anaachwa njiani na maneno mepesi kabisa. Mmoja anaomba "ballpark figure", mwingine analalamika mteja kamrushia "curveball". Kamusi haitamsaidia sana. Anachokosa ni mchezo.

Nao si mgumu kuuelewa. Mrushaji anarusha, mpigaji anasubiri na gongo (la kupigia, si la kunywa). Mpira mzuri akiukosa au akiuacha upite, anahesabiwa straiki. Zikifika tatu, anatoka. "Curveball" ni mpira unaopinda ukiwa hewani, yaani mteja kaleta jambo lisilotarajiwa. "Ballpark" ni uwanja wenyewe, na hiyo "figure" yake ni makadirio tu.

Vitabu vyetu vinatoa orodha ya misemo na maana zake, mwanafunzi anakariri. Mimi naona ni kupoteza muda, kwa sababu orodha haibebi uzito wa msemo. Chukua "three strikes". Mwaka 1994 jimbo la California lilipitisha sheria iliyojulikana kwa jina hilo: ukiwa na makosa mawili mazito nyuma yako, kosa la jinai la tatu ni miaka 25 hadi maisha. Gary Ewing, mwizi mzoefu, alitoka kwenye duka la gofu mwaka 2000 anachechemea; alikuwa ameficha vijiti vitatu vya gofu ndani ya mguu wa suruali. Akala 25 hadi maisha, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki adhabu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Nadhani jina lenyewe lilisaidia kuiuza sheria ile. Kwenye besiboli hakuna anayeomba straiki ya nne, sasa jambazi aombe kwa lipi? Mwaka 2012 wapiga kura waliilegeza.

Sisi wenyewe tunasema mdeni "kanipiga chenga", na mgeni asiyejua soka anabaki ametoa macho.

Ila Mwingereza usimpelekee besiboli. Yake ni kriketi. Akisema yuko kwenye "sticky wicket", ujue sehemu ya kuchezea imelowa, sasa inakauka, mpira unadunda ovyo na kupiga ni balaa. Hapo Wakenya wametuzidi: timu yao ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003.