Bibi mwenye nyumba kaniuliza swali, nikakosa jibu

Juzi usiku bibi mwenye nyumba wangu kaniuliza swali dogo, na mpaka leo limenikaa kooni. Ana miaka 78. Mimi nimepanga chumba cha juu yake hapa Daejeon, Korea Kusini, na siku za marudio ya tamthilia huniita tutazame wote. Tunakaa chini, sakafu ya Kikorea inapashwa moto kwa chini, yeye anamenya vitunguu saumu vya kimchi, ile kabichi yao ya kuchachushwa. Kwenye runinga alikuwa Kim Young-ok, mwigizaji aliyezaliwa mwaka 1937 na bado yuko kazini. Bibi akanipiga goti kwa mkono unaonuka saumu: "Kwenu Tanzania, bibi anayeigiza kuliko wote ni nani?"

Nikafikiri. Nikamtaja Mzee Majuto, nikajisahihisha mwenyewe, maana huyo ni mwanaume na alishatutoka mwaka 2018. Nikamtafutia Bi Kidude kwenye simu. Akatazama mpaka mwisho, akipiga ngoma mapajani kwa viganja. Kisha akasema, "Huyu anaimba. Nimekuuliza anayeigiza."

Wanaonijua wanajua mimi na Wakorea hatujaanza jana. Tamthilia ya Jumong niliitazama Mwanza, sehemu zote 81, kwenye kibanda umiza, nimebanwa katikati ya watu kwenye benchi, na stelingi wake, Song Il-gook, akijeruhiwa kibanda kizima kinaguna. Nikaja kwa Malkia Seondeok, ambako Go Hyun-jung alimcheza Mishil kwa utulivu wa kutisha mpaka tukawa tunamshangilia adui na kumsahau stelingi. Kisha Lee Min-ho na Boys Over Flowers, mabinti wa bweni mnakumbuka. Mwigizaji Hyun Bin ni mzuri, sibishani na mtu. Lakini siku hizi nikifungua sizoni mpya natafuta kwanza majina ya wazee. Yakiwepo ya Kim Hye-ja, Go Doo-shim au Na Moon-hee, silali.

Na hapa ndipo ninapotaka tuongee, ndugu zangu.

Kwetu mzee kwenye filamu ni nani? Mara nyingi ni kijana wa miaka 25 aliyepakwa unga wa ngano kichwani, kapewa mkongojo, anatetemeka mkono na kukohoa kila baada ya maneno matatu. Akiwa mzee wa kweli, nafasi zake ni tatu: mama mkwe anayemtesa bibi harusi, mgonjwa anayekata roho mapema ili watoto wagombanie nyumba, na mchawi. Hiyo ya tatu ndiyo inayoniumiza. Mimi ni wa Shinyanga. Sihitaji kuwaeleza bibi mwenye macho mekundu anaonwaje kwetu, na ninyi hamhitaji kuelezwa.

Mama yangu amepika kwa kuni tangu akiwa msichana, na moshi umemwachia macho mekundu. Siku moja, kabla sijaondoka, tulikuwa sebuleni na wadogo zangu, filamu inaendelea, akatokea bibi amekaa kwenye ungo, macho wamempaka rangi nyekundu. Watoto wa jirani wakacheka. Mama akanyanyuka, akasema anaenda kuangalia maharage. Maharage yalikuwa yameshaepuliwa tangu saa kumi na moja.

Sasa najua majibu yenu. "Umefika Korea juzi, ushaanza kutudharau." Sijamdharau mtu. Mzee Majuto na Mzee Small walituchekesha bila mtaji wa maana, na ninaowapigania ni hao hao wazee wetu. "Mbona hao Wakorea wako wazee wao wanaokota maboksi?" Ni kweli, tena mimi ndiye ninayewaona. Kila alfajiri nikienda kazini nampita bibi mmoja anasukuma mkokoteni wa maboksi ulioinuka kumzidi kimo. Karibu asilimia 40 ya wazee wa nchi hii wanahesabiwa maskini, na hilo kwa taifa tajiri hivi ni aibu. Huyu bibi yangu mwenyewe watoto wake huja Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, na mwaka mpya, siku nyingine anakula peke yake. Kwetu mzee hali peke yake, na hakuna mtoto atakayempita bila shikamoo. Hilo najivunia, na Wakorea nawaambia bila kuficha.

Lakini hebu nijibuni: mbona mtu huyo huyo tunayemwinamia mlangoni, tukiwasha kamera tunampandisha kwenye ungo?

Mwingine atasema ni suala la hela. Hela gani? Mwaka 2022 walitoa Our Blues, hadithi ya watu wa kisiwa cha Jeju. Kim Hye-ja, akiwa na miaka kama 80, alicheza mama muuza mboga sokoni ambaye hajui kusoma. Hakuna gari linalolipuka pale. Kuna bibi, mafungu ya mboga, na mwanawe, Lee Byung-hun, ambaye hataki hata kumtazama usoni. Na ana haki ya kukasirika. Huyu mama baada ya kufiwa na mume alimchukua mwanawe akahamia kwa mwanaume mwenye mke, akamkataza mtoto asimwite mama tena. Watoto wa nyumba ile walipompiga, alinyamaza. Hakuandikwa kama malaika wala kama shetani. Ni mtu mzima mwenye kosa zito na sababu zake, na Kim Hye-ja hakutafuta huruma yetu hata mara moja. Anatafuna chakula, anaangalia pembeni, anajibu kwa neno moja. Mimi nililia kwa namna yeye alivyokuwa anafunga begi tu.

Mwaka 2019 huyo huyo alipewa tuzo kuu ya Baeksang, tuzo kubwa za filamu na tamthilia za Korea, kwa tamthilia ya The Light in Your Eyes. Mwigizaji mkongwe Lee Soon-jae alipokea tuzo kuu ya uigizaji ya kituo cha runinga cha KBS akiwa na miaka 90. Tisini! Ukumbi mzima ulisimama.

Kuna mjuzi atanikumbusha Kim Soo-mi. Haya, tumseme. Ni kweli, katika Jeonwon Ilgi, tamthilia ya kijijini iliyorushwa kuanzia 1980 hadi 2002, alipewa kumcheza bibi kizee akiwa na miaka thelathini na kitu. Nao walifanya kama sisi. Tofauti ni kwamba yule bibi alikuwa na jirani, mwana, ugomvi wake na utani wake, na Kim Soo-mi akakaa naye zaidi ya miaka ishirini. Akazeeka ndani yake. Mkongojo na unga wa ngano havingemfikisha huko.

Na wale wa "uchawi upo, filamu zinaonyesha maisha": maisha yana bibi anayelea wajukuu watano, bibi anayehesabu hela za dagaa Kirumba, Mwanza, bibi aliyekosana na dada yake kwa ajili ya shamba na sasa anaogopa kufa hawajapatana. Andikeni hao. Waigizaji mnao, wamekaa barazani.

Jumapili nilimpigia mama nikamsimulia mwisho wa Our Blues (ambao hamjaitazama, rukeni mistari hii). Kwamba yule mama alikuwa na saratani, na asubuhi moja alimpikia mwanawe supu ya doenjang, ile ya soya iliyochachushwa anayoipenda tangu utotoni, akaiacha tayari, akajilaza, akafa. Mwanawe akaja akaionja kabla hajajua.

Mama alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza, "Alimwekea na chumvi ya kutosha?"